Vazi la korongo taji kwa poni wa mashindano: kupima, kukata na kushona

Kabla hujanunua hata yadi moja ya kitambaa, omba poni atembezwe mbele yako kwenye nyasi, kwanza mwendo wa kawaida, kisha akimbie polepole. Angalia bega linavyopanda na kusogea mbele. Angalia goti la nyuma linavyovuta ngozi ya ubavuni kila hatua. Angalia shingo inavyoshuka ghafla akiona majani mabichi. Mavazi mengi yanayochanika uwanjani yalikaa vizuri kabisa poni aliposimama bandani. Fundi alipima mnyama aliyesimama, akashonea mnyama aliyesimama, halafu mnyama akaanza kutembea.

Maelezo haya ni kwa mzazi au saisi (mtunza farasi) anayetaka kushona mwenyewe, na pia kwa yule atakayempelekea kazi fundi wa mtaani aliyeshona gomesi (vazi refu la wanawake) na kanzu miaka mingi lakini hajawahi kushona nguo ya miguu minne. Mfano ninaoutumia ni korongo taji, ndege wa taifa letu la Uganda, kwa sababu rangi zake zinasomeka kutoka mbali na hazihitaji mabawa ya kusimama: mwili wa kijivu, bawa jeupe lenye dhahabu na kahawia, paji jeusi, kooni kipande chekundu, na lile taji la dhahabu kichwani. Vipimo nitakavyotaja ni vya poni mwenye urefu wa sentimita 127 hivi kwenye kinundu cha mabega, ambaye watu wa farasi humwita 12.2, yaani viganja 12 na inchi 2, na mtoto yuko juu ya tandiko. Wako atatofautiana, kwa hiyo chukua namba hizi kama mahali pa kuanzia na upime wako.

Vipande vitatu, na hakuna kinachopita chini ya tandiko

Wengi huanza na wazo la shuka moja kubwa linalomfunika poni kuanzia shingoni hadi mkiani, tandiko likawekwa juu yake. Usifanye hivyo kwa mtoto atakayepanda. Kitambaa chini ya tandiko hujikunja, mkunjo hukandamizwa na uzito wa mpandaji, na ndani ya nusu saa mgongo una alama. Zaidi ya hapo, satini au poliesta chini ya mkanda wa tumbo huteleza, na tandiko huzunguka pamoja na mtoto. Chini ya tandiko kiwepo kitambaa chake cha kawaida tu, kile poni anachokijua.

Kwa hiyo gawa vazi: kipande cha kifua, kipande cha nyuma chenye mabawa, na pambo la kichwa. Shingo iache wazi. Kifuniko cha shingo huleta joto, hushuka kuelekea kichwani kila poni anapoinama, na huvuta nywele za shingoni. Poni wa kijivu au mweupe tayari ana shingo ya korongo. Kwa poni wa kahawia, suka nywele za shingoni na utepe wa kijivu na inatosha.

Kama shindano ni la kuongozwa kwa kamba bila tandiko, unaweza kuunganisha vipande viwili vya kwanza kuwa kimoja, lakini kata zake ni zilezile.

Kununua

Kwa kipande cha nyuma na cha kifua, tafuta pamba au tetroni ya kijivu yenye uzito wa shuka nzito. Ya upana wa sentimita 150, mita 2.5 inatosha, ya upana wa kitenge, sentimita 115 hivi, chukua mita 3.5. Bitana ni kiasi hichohicho, na iwe pamba. Watu hupenda kuweka satini juu na poliesta ndani kwa sababu ni rahisi na inang'aa, lakini Kampala mchana wa jua poni hupoa kwa kutoa jasho, na poliesta hulifungia jasho lile ndani. Shuka kuukuu za pamba kutoka mivumba (mitumba) ya soko la Owino ni bitana bora kuliko kitambaa kipya cha dukani: zimefuliwa mara nyingi, hazitasinyaa tena wala hazitatoa rangi. Mojawapo utaihitaji pia kwa kielelezo cha kwanza.

Kwa manyoya: poplini nyeupe mita 1.3, kitambaa cha rangi ya dhahabu iliyofifia sentimita 80 (kitenge cha manjano chenye michirizi midogo kinapendeza kuliko lame ya kung'aa), na kwa kahawia, lubugo, yaani nguo ya gome la mti, kipande cha mita 1 kwa sentimita 70. Gamu ya kubandika kwa pasi (kitambaa cha kukazia) mita 2.2. Mjini Kampala, Kiyembe utapata vitenge na poplini, Kikuubo utapata nyuzi, velkro na tepe kwa bei ya jumla.

Neno kidogo kuhusu lubugo. Rangi yake ya udongo uliochomwa ndiyo rangi hasa ya manyoya ya kahawia kwenye bawa la korongo, na hakuna kitambaa cha kiwandani kinachoifikia. Lakini ni nguo yenye heshima yake Buganda: huvikwa katika kutawazwa na katika mazishi, na mwaka 2005 UNESCO iliitambua kazi ya kuitengeneza kuwa miongoni mwa urithi mkubwa wa binadamu. Kuna wazee ambao hawatafurahi kuiona juu ya mnyama. Waulize wa kwenu kwanza, na wakisita, tumia khaki ya kahawia. Ukiitumia, itumie kwenye manyoya tu. Usimfunike poni nayo kama shuka, wala usiikanyage chini wakati wa kukata.

Fua kila kitambaa cha pamba kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga mwingi, na pamba isiyofuliwa husinyaa sentimita 3 hadi 5 kwa kila mita. Vazi lililokaa sawa kabla ya mvua hubana baada ya mvua. Lubugo usiifue kamwe. Ikilowa sana hulegea na kuchanika.

Kisha jaribu rangi. Yeyusha chumvi kijiko kimoja katika kikombe cha maji ya vuguvugu, lowesha kitambaa cheupe, sugua kitambaa chako kwa nguvu, kisha kibandike juu ya kile cheupe na upige pasi ya moto. Rangi ikihamia, itahamia pia kwenye ngozi ya poni akitoka jasho, na kwa poni mweupe doa la bluu au jekundu hukaa wiki. Kitambaa kinachotoa rangi kirudishe au kitumie mahali ambapo hakigusi mwili.

Rangi ya bluu nzito na nyeusi katika maeneo makubwa ziepuke kama banda liko karibu na ziwa au mto. Mbung'o huvutwa na rangi hizo. Ndiyo maana mitego yao hushonwa kwa bluu na nyeusi. Paji dogo jeusi halina shida. Kwa wanaofikiria vazi la punda milia badala ya korongo, watafiti waliowavika farasi shuka za milia Uingereza, matokeo yao yakatolewa mwaka 2019, waliona nzi wachache zaidi wakitua juu ya milia kuliko juu ya shuka nyeusi au nyeupe tupu. Ni vazi zuri pia kwa wanaoanza.

Vipimo

Tumia tepu ya fundi na kamba ya pamba isiyovutika. Ile tepu ya chuma ya seremala inayojirudisha kwa kishindo iache nyumbani.

Mvike poni tandiko lake kwanza, na mkanda wa tumbo ufungwe kama siku ya kupanda. Pima kutoka ukingo wa nyuma wa tandiko, juu ya uti wa mgongo, hadi shina la mkia: kwa poni wa mfano ni sentimita 55 hivi. Kisha pembeni, kutoka nyuma ya bawa la tandiko (kile kipande kinachoshuka ubavuni), ukizunguka nyonga na tako, hadi mstari wa katikati wa nyuma: 85 hadi 90. Kisha kutoka uti wa mgongo kwenye nyonga kushuka ubavuni hadi juu kidogo ya goti la nyuma: 75.

Sasa kipimo ambacho karibu kila fundi hukisahau. Mtu mwingine ainue mguu wa nyuma wa poni na kuuvuta mbele taratibu, kama anayesafisha kwato. Pima tena ule mstari wa pembeni. Utaona umeongezeka kwa sentimita kadhaa, na tofauti hiyo ndiyo kiasi cha ulegevu unachopaswa kukiacha. Fanya hivyohivyo kwa mguu wa mbele: pima kifua kutoka bega moja hadi jingine mguu ukiwa chini, kisha ukiwa umevutwa mbele. Kwa poni wa ukubwa huu, ulegevu wa sentimita 10 hadi 12 kifuani ni wa chini kabisa.

Kielelezo cha shuka kuukuu

Usikate kitambaa kizuri kabla ya kielelezo. Kata paneli mbili za nyuma kutoka shuka kuukuu, kila moja sentimita 95 kwa 80, ukiwa umeshahesabu nafasi ya mshono ya sentimita 2 kila upande. Ziunganishe mgongoni kwa bandi ndefu za mkono, mvike poni, na uchore juu ya shuka kwa chaki.

Mshono wa mgongoni haunyooki. Tako la poni ni la juu kuliko kiuno, kwa hiyo ukingo wa juu wa paneli unapaswa kupanda taratibu kama sentimita 3 unapofika juu ya tako, kisha ushuke tena kuelekea mkiani. Ukishona mstari ulionyooka, kitambaa husimama kama hema kiunoni na hukaza kwenye tako, kisha kila hatua hukivuta nyuma kidogokidogo. Baada ya mzunguko mmoja wa uwanja, ukingo wa mbele umeliacha tandiko na unaning'inia mgongoni.

Dati (mkunjo ulioshonwa unaoishia kwa ncha) moja kila upande, kutoka ukingo wa nyuma kuelekea mfupa wa nyonga, urefu wa sentimita 18 na kina cha 2.5 kwenye mdomo wake, huleta umbo la tako. Acha nyuma wazi kuanzia shina la mkia kushuka chini. Mkia utoke huru. Na kona ya chini ya mbele, pale goti la nyuma linapokuja mbele, ikate kwa mzingo wenye nusu kipenyo cha sentimita 20. Kona hii ikiachwa, goti huigonga kila hatua. Poni wengine huvumilia, wengine hujibu kwa teke.

Kielelezo cha kifua kina umbo la bibu kubwa: juu upana wa sentimita 60 kila upande kutoka katikati ya kifua kwenda mabegani, kina cha 35 katikati, kikipungua hadi 15 kwenye ncha. Katikati weka rinda moja la ndani la sentimita 6 kwa 6 ambalo limeshonwa juu tu na kufunguka chini. Rinda hilo hufunguka bega linapokwenda mbele, na bila hilo utaona ukingo wa bibu ukikata mabega. Bibu hushikwa na mkanda laini unaopita juu ya shingo, mbele ya tandiko, na kamba mbili zinazofungwa kwenye pete za mbele za tandiko. Usiifunge kwenye mkanda wa tumbo.

Mtembeze poni na kielelezo kwa dakika kumi, akimbie, ainame, ageuke pande zote mbili. Rekebisha kwa chaki. Shuka ikichanika hapa, umepata habari njema kwa bei ya shuka kuukuu.

Juu ya mnyama usitumie pini hata moja. Chaki na bandi zinatosha. Mezani, hesabu pini kabla na baada. Pini moja iliyosahaulika kwenye bitana huonekana siku poni anaporuka mtoto akiwa juu.

Kushona

Kwa pamba nzito na tetroni tumia sindano namba 90, na pale manyoya yanapokutana na paneli na bitana badilisha iwe 100. Uzi wa poliesta kwa mishono yote ya mwili, urefu wa shono milimita 2.5 hadi 3. Cherehani ya kukanyaga inaweza kazi hii yote, na kwa kweli ni nzuri kuliko ya umeme kwenye tabaka nene kwa sababu unaweza kuzungusha gurudumu kwa mkono.

Manyoya huandaliwa kabla paneli hazijaunganishwa mgongoni, maana paneli bapa huzunguka kirahisi chini ya mguu wa cherehani. Bandika gamu nyuma ya poplini na ya dhahabu kwa pasi, kisha kata unyoya wa upana wa sentimita 9 na urefu wa 24, ncha ikiwa ya mviringo. Ncha kali hujikunja ikifuliwa. Piga zigizaga ya upana wa milimita 2 kuzunguka ukingo wote isipokuwa juu. Unahitaji 60 meupe, 30 ya dhahabu na 20 ya kahawia kwa pande zote mbili, yaani 55 kila upande.

Lubugo inataka mkono mwingine. Haifumuki kama kitambaa cha kufumwa, kwa hiyo ukingo hauhitaji zigizaga, lakini mashono mafupi huitoboa mstari mzima na unyoya hung'oka kama stempu. Refusha shono hadi milimita 4, na nyuma ya kila unyoya shikiza kipande cha pamba nyembamba. Gamu ya pasi kwenye lubugo haishiki sawasawa kwa sababu unene wake hautoshani.

Anza kupanga kutoka chini kwenda juu, ili kila safu ifunike mshono wa safu iliyo chini yake. Safu ya chini kabisa ni kahawia, manyoya 10 kila upande, kwa sababu ule mzingo wa kona umepunguza urefu. Ya pili ni 11 ya dhahabu. Ya tatu ni 4 ya dhahabu upande wa nyuma na 7 meupe mbele. Hapo ndipo bawa linapoonekana limekunjwa badala ya kuonekana kama bendera. Ya nne ni 11 meupe, ya tano 12. Safu ziachane sentimita 12, na kila unyoya ufunike jirani yake kwa sentimita 2.

Unyoya usiachwe ukining'inia kutoka juu tu. Ushone juu, kisha uushike kwa mishono miwili ya mkono chini kidogo ya katikati, ili ncha huru isizidi sentimita 8. Upepo ukiingia chini ya manyoya 110 yenye sentimita 24 huru, mlio wake ni kama wa kundi la ndege wanaoruka, na hilo linatokea nyuma ya macho ya mnyama anayeishi kwa kukimbia vinavyotokea nyuma yake. Sababu hiyohiyo inaondoa mabawa ya kusimama yenye waya. Yanapendeza kwenye picha, lakini kwa mtoto aliye juu ya tandiko sikubaliani nayo hata kidogo.

Manyoya yakiisha, shona dati, kisha mshono wa mgongoni, kisha bitana. Geuza bitana ili mishono yake yote iangalie upande wa kitambaa cha juu. Ngozi ya poni isikutane na mshono wowote ulio wazi. Chini ya uti wa mgongo, ongeza ukanda wa flaneli wa sentimita 12 upande wa ndani. Flaneli hushika manyoya ya mwili wa poni kidogo na kuzuia kipande kizima kulalia upande mmoja. Mabegani, upande wa ndani wa bibu, fanya kinyume: weka kipande cha satini laini, kwa sababu hapo kitambaa kinatakiwa kiteleze. Pamba kavu inayosugua bega huondoa manyoya ya poni ndani ya mazoezi machache.

Kamba na sehemu za kukatika

Hapa ndipo usalama ulipo, na ndipo mtu asiyejua farasi hukosea kwa nia njema, kwa kushona imara.

Kipande cha nyuma kinashikwa mahali panne: kamba mbili za mbele kwenye pete za nyuma za tandiko, na ncha mbili za kamba inayopita chini ya mkia. Kamba ya mkiani ni ya pamba iliyosukwa, urefu wa sentimita 60 hadi 70, ikae legevu kiasi cha kiganja kupita kati yake na mwili. Kazi yake ni kuzuia upepo kulifunua vazi mgongoni.

Kila moja ya sehemu hizi ishikwe kwenye vazi kwa uzi mwembamba wa pamba, mishono mitatu au minne ya mkono, usitumie uzi wa poliesta. Ifunge ncha kwenye mzani mdogo wa kuning'iniza, ule wa samaki au wa mizigo, uvute. Ikikatika kati ya kilo 4 na 6, ni sawa. Ikifika kilo 10 bila kukatika, fumua upunguze mishono. Na zote nne zilingane. Wengine hulegeza za mbele na kuikaza ya mkiani, wakidhani angalau moja itaokoa vazi. Matokeo yake mbele hukatika, nyuma hushika, na poni hukimbia akiburuta kitambaa kati ya miguu ya nyuma. Zikiwa sawa, vazi zima huanguka chini, poni anaendelea, na saisi analiokota.

Velkro ni nzuri kwenye mkanda wa shingo wa bibu, kwa sababu hufunguka ikivutwa. Upande wenye kulabu uangalie nje, mbali na ngozi na nywele. Sauti yake ya kuchanika huwashtua poni wengi, basi mzoeshe kwa siku kadhaa ukiifungua mbali, kisha karibu, kabla haijafika shingoni kwake. Bizimu za chuma sizipendekezi kwenye vazi lolote la mapambo.

Taji na uso

Taji la korongo ni nywele ngumu za dhahabu zilizosimama, na nyuzi za katani zinafanana nalo kuliko kitu kingine chochote unachoweza kununua hapa. Chukua fungu la gramu 60, lichemshe katika rangi ya nguo ya manjano na chumvi kwa nusu saa, suuza hadi maji yawe safi, anika kivulini. Manjano ya jikoni hutoa rangi nzuri siku ya kwanza, lakini hupauka juani na hugeuka nyekundu ikiguswa na sabuni, na jasho la farasi nalo lina hali hiyohiyo ya sabuni.

Kata nyuzi ziwe sentimita 18, zitandaze kama pepeo, na uzishone kati ya vipande viwili vya kanvasi vya sentimita 20 kwa 5, mistari mitatu ya mshono. Chana na kupunguza ncha kwa mkasi ili zisitoke moja ndefu peke yake. Kanvasi hiyo ishikizwe kwa uzi wa pamba uleule mwepesi juu ya mkanda wa utosini wa hatamu, nyuma ya masikio, na nyuzi zianze sentimita 3 mbali na kila sikio. Poni anayeguswa sikio na uzi wa katani hatupi kichwa mara moja tu. Atatupa kichwa mashindano yote.

Paji jeusi ni kipande cha mahameli cha sentimita 10 kwa 14 kinachoning'inia kutoka mkanda wa paji, bitana ya pamba nyuma, na ukingo wake wa chini uishie juu ya mstari wa macho. Kooni, kipande cha felti nyekundu cha sentimita 8 kwa 6, bapa, kilichoshonwa kwenye mkanda wa kooni kwa mishono minne. Kisizidi hapo. Kisining'inie. Puleki, unga wa kung'aa na chochote cha gundi visikaribie uso. Chembe moja jichoni inamaliza siku na kumwita daktari wa mifugo.

Mpandaji avae kofia yake ya usalama kama kawaida. Ukitaka kuipamba, shona kifuniko cha kitambaa chenye mpira kwenye ukingo. Gundi na rangi ya kupuliza zinaweza kudhoofisha ganda lake bila kuonekana. Nguo ya mtoto isizidi magoti na mikono yake isiwe mipana, na gomesi isipandwe nayo hata kama ni ya mtoto, kwa sababu kitambaa kile huingia kwenye vikuku vya tandiko, pale mpandaji anapoweka miguu. Fulana yenye nyeusi, manjano na nyekundu inatosha kabisa kando ya korongo.

Kumzoesha, na siku yenyewe

Anza wiki tatu kabla, kwa kielelezo cha shuka, kisha kipande kimoja kimoja cha vazi. Anuse, apanguswe nacho begani, kiwekwe mgongoni bila kufungwa, kiondolewe kabla hajachoka. Kamba ya mkiani ni ya mwisho, na siku za mwanzo iwe uzi mwepesi tu. Mazoezi angalau mawili yafanyike na poni wengine wakiwa karibu, kwa sababu wao nao hawajawahi kuona korongo wa ukubwa huo. Kengele na njuga ziache kabisa kwa sababu hii. Zoezi la jioni lisichelewe hadi giza: vijidudu vinavyoeneza ugonjwa wa farasi wa Afrika hutoka sana machweo na usiku.

Vazi zima, likiwa kavu, lisizidi kilo 3. Siku ya mashindano, mvike dakika za mwisho na umvue akitoka uwanjani. Poni aliyetulia hupumua mara 8 hadi 16 kwa dakika. Hesabu ubavu wake unavyopanda na kushuka. Akiwa amesimama kivulini dakika kumi na bado pumzi haishuki kuelekea hapo, ondoa kila kitu na umwagie maji. Misimu ya mvua, Machi hadi Mei na Septemba hadi Novemba, uwe na turubai nyepesi karibu: kitenge kilicholowa kinaongezeka uzito sana, na zile nyuzi za kukatika ulizozipima zikiwa na vazi kavu hazitabeba uzito huo.

Kwenye mfuko wa saisi ziwemo sindano mbili, uzi wa pamba, uzi wa poliesta, mkasi butu wa nchani, na manyoya matano ya akiba ya kila rangi.

Baada ya hapo fumua safu ya lubugo kabla ya kufua, iweke bapa au izungushe kwenye bomba la karatasi, mbali na unyevu. Vipande vingine vifue kwa maji baridi na sabuni kidogo, suuza mara mbili kwa sababu mabaki ya sabuni huwasha ngozi yenye jasho, na uvianike kivulini. Nyuzi za kukatika zote zitupe na ushone mpya kabla ya kuvaa tena, hata kama hazikukatika.